Ukuta wa Chumba cha Bibi

Kila siku Balbina akirudi kutoka shule alifanya mambo yale yale. Alivua gauni la shule akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akajifunga kaniki yake kuukuu, akala wali na kipande cha samaki alichofunikiwa na mama, kisha akachukua debe na kuteremka hadi mto Lumemo kuchota maji. Lakini mwezi ule wa Septemba, mwaka 1956, debe moja halikutosha. Alikwenda mtoni mara nne, mara tano, mpaka utosi ukamwasha, kwa sababu nyumba yao ilikuwa inaongezwa chumba.

Chumba hicho kilikuwa cha Bibi Yosefina, mama yake baba, ambaye tangu babu afariki aliishi peke yake huko Mahenge. Baba aliamua kumleta Ifakara. Hakutaka kuita fundi. "Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu," alisema. "Na chumba cha mama yangu tutakijenga wenyewe."

Shida ilikuwa moja tu. Baba, Mzee Eustaki, alifanya kazi Kivukoni, kwenye pantoni ya kuvusha watu na magari katika mto Kilombero. Alilala huko huko juma zima, akarudi nyumbani Jumamosi alasiri. Kwa hiyo aligawa kazi kabla hajaondoka. Hermenegildi, kaka yake Balbina, kijana wa miaka kumi na sita, alipewa kazi ya nguzo na fito. Balbina, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alipewa kazi ya udongo pamoja na mama.

"Sikilizeni vizuri," baba alisema akiwa ameshika nguzo moja ya mfano. "Kila nguzo ibanduliwe magamba yote ya gome lake. Ile sehemu itakayoingia ardhini iunguzwe motoni mpaka iwe nyeusi, mchwa wasiitamani. Shimo liwe refu kiasi cha kumeza mkono wangu mpaka begani. Na mtu asianze kukandika kabla sijaziona nguzo kwa macho yangu. Mmenielewa?"

"Ndiyo, baba," walijibu wote wawili.

Balbina aliipenda kazi yake kuliko alivyotarajia. Alichimba udongo wa kichuguu, akauchanganya na mabua makavu ya mpunga aliyoyakatakata kwa panga, akaumwagia maji, akauacha ulale siku mbili. Kisha aliingia ndani yake kwa miguu na kuukanyaga, huku na huku, mpaka magoti yakalegea. Mama alimfundisha namna ya kuupima: ufinyange donge kama chungwa, ulidondoshe kutoka usawa wa kichwa. Likipasuka, rudi ukanyage. Balbina alirudi mara tatu. Mara ya nne donge lilianguka, likabonyea kidogo, likatulia.

"Sasa huo ni udongo," mama akasema.

Hermenegildi naye alikwenda porini asubuhi, akarudi mapema kuliko watu wengine wanaokata miti. Alisimamisha nguzo, akafunga fito, na Alhamisi mchana umbo la chumba lilionekana. Balbina alilizunguka akilitazama. Nguzo zilikuwa bado na magamba yake, za kahawia na mikwaruzo, kama zilivyotoka porini.

"Kaka, mbona hukuzibandua?"

"Magamba yanashika udongo vizuri zaidi. Wewe hujui."

"Na kuunguza je? Sijaona moto hapa nyumbani."

"Nimeunguza kule kule porini," Hermenegildi alijibu bila kumtazama, akiendelea kukaza kamba. "Unataka kukandika au unataka kuuliza maswali? Udongo wako unakauka."

Ni kweli udongo ulikuwa unaanza kukauka. Zaidi ya hapo, Balbina alikuwa ameshaiona Jumamosi kichwani mwake: baba anaingia uani, anaukuta ukuta umekamilika, laini, na anauliza nani kaufanya. Alizitazama nguzo mara moja tena. Kisha akainama, akachota udongo kwa mikono miwili, akaanza kuujaza kati ya fito.

Jumamosi ilikuwa kama alivyoiwaza. Kwanza baba alikunja uso. "Nilisema mnisubiri."

"Nguzo ziko sawa, baba," Hermenegildi akasema haraka. "Udongo ungeharibika."

Baba alipitisha kiganja ukutani. Akagonga kwa ngumi hapa na pale. Uso ukakunjuka. "Kazi hii ya nani?"

"Ya mwanao," mama akasema. "Mimi nilikuwa shambani."

Kesho yake baada ya misa, Mzee Eustaki alimweleza kila aliyesimama naye nje ya kanisa kwamba binti yake mdogo amejenga ukuta. Balbina alitazama vidole vyake vya miguu asionekane anacheka.

Bibi Yosefina alikuja mwezi wa Oktoba na mkeka wake, chungu chake cha dawa na kuku wawili. Balbina alikuwa amepaka chumba udongo mweupe ndani na nje. Bibi aliingia, akasimama katikati, akageuka polepole kukitazama.

"Tumsifu Yesu Kristu," akasema, kana kwamba anakisalimu chumba chenyewe. "Sijawahi kulala mahali peupe namna hii."

Mvua za mwaka uliofuata ziliposhika mwezi wa Machi, zilishika kweli. Lumemo ulijaa, mashamba ya mpunga yakawa maji matupu, na njia ya kwenda shule ikawa tope mpaka kwenye vigimbi vya miguu. Siku moja alasiri, mvua ikiwa imetulia kidogo, Bibi Yosefina alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chumba chake akipepeta mchele. Balbina alikuwa jikoni. Alisikia kishindo kizito, kama gunia linalotupwa kutoka juu ya gari, halafu sauti ya bibi.

Alikimbia. Ukuta wa upande wa migomba ulikuwa umelala ndani ya chumba. Kitanda cha bibi hakikuonekana kabisa. Bibi alikuwa kwenye kizingiti bado, ungo umeruka mbali, mchele umetapakaa kwenye tope, na mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya bonge la udongo.

"Bibi! Bibi, shikamoo, bibi!" Balbina alipiga kelele, asijue anachosema, huku akiliondoa bonge lile.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akajibu kwa sauti nyembamba. "Sijafa. Mguu tu."

Mguu ulivimba mpaka ukawa kama mchi wa kinu. Haukuvunjika, walisema waliouangalia, lakini bibi asingeweza kuukanyaga kwa majuma mengi. Na kila mtu aliyeingia kumpa pole alitazama kitanda kilichofukiwa, akijua kwamba kama bibi angekuwa amejilaza wakati ule, wangekuwa wamekuja kwenye msiba.

Ndipo maneno yakaanza. Jirani yao, Mama Viktor, alikuwa wa kwanza. Alisimama uani, mikono kiunoni, akayatazama yale mabonge. "Jamani, mimi nilishangaa tangu mwanzo. Ukuta mnampa mtoto wa kike wa shule ajenge? Ona sasa. Udongo haukukandwa ukaiva."

"Uliiva," Balbina akasema.

"Mtoto, usinijibu."

"Shikamoo, Mama Viktor. Lakini udongo uliiva."

"Balbina!" mama akamkemea, na Balbina akaondoka. Masikio yalimchoma kwa moto wa hasira. Kisimani, walikochota maji Lumemo ulipofurika, alisikia maneno yale yale. Njiani kwenda shule aliyasikia tena: ukuta wa Balbina, ukuta wa Balbina. Hermenegildi aliyasikia pia. Alikuwa akipita pembeni ya kifusi kile kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Jumamosi baba alifika akiwa ameshaambiwa kila kitu njiani. Alikaa na mama yake muda mrefu, ameshika ule mguu kwenye mapaja yake. Alipotoka nje hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Kosa ni langu," alisema mbele ya wote, na mbele ya Mama Viktor aliyekuwa ameleta uji. "Nilimpa mtoto kazi kubwa nikajisifia. Mvua zikikatika, Hermenegildi atajenga na wanaume wenzake. Balbina, wewe usiguse tena udongo. Utamsaidia mama yako jikoni."

"Lakini, baba, hujautazama! Hujautazama hata kidogo!"

"Nimeona mguu wa mama yangu. Inatosha."

Balbina hakula siku ile. Alikaa nyuma ya jiko, amekumbatia magoti. Aliyakumbuka madebe yote aliyoyabeba kutoka Lumemo. Alikumbuka miguu yake ilivyokuwa ikiuma darasani mpaka mwalimu akamuuliza kama anaumwa. Baba aliyeujua udongo kuliko mtu yeyote hakuinama hata kuokota kipande kimoja. Alimsikiliza Mama Viktor! Na mbaya kuliko yote, kazi angepewa Hermenegildi, ambaye Septemba yote ile hakutoka jasho nusu ya lake, eti kwa kuwa yeye ni mvulana.

Kesho yake, waliporudi kutoka kanisani, alichukua jembe akaingia kwenye kifusi. Hakuwa na mpango. Alitaka tu kuushika ule udongo wake. Aliokota bonge moja, akaliinua juu ya kichwa, akalidondosha kwenye jiwe la kusagia. Halikupasuka. Akaokota lingine, akalipiga kwa mpini wa jembe. Lilimeguka pembeni tu, na ndani mabua ya mpunga yalikuwa yamelishika kama nyuzi kwenye kitambaa. Miezi sita ya jua na mvua, na udongo ulikuwa mzima!

Basi kilichoanguka ni nini?

Alianza kuondoa mabonge mpaka akafikia nguzo. Ya kwanza ilikatika mkononi mwake kama mkate. Chini ya magamba hapakuwa na mti tena, palikuwa na vumbi na vijia vya mchwa. Magamba yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakionekana mazima, kama nguo iliyovalishwa hewa. Akachimba kisiki chake. Hakikuwa na weusi wowote wa moto. Akachimba cha pili, cha tatu, vyote hivyo hivyo. Kisha alipiga magoti, akatia mkono ndani ya shimo. Shimo halikumeza mkono hata kufika kwenye kiwiko.

Hermenegildi alikuwa ameketi chini ya upenu wa nyumba, akishona kiatu. Balbina alimtupia kisiki miguuni.

"Hii ni nini?"

Hermenegildi alikitazama kile kisiki. Rangi ya uso ilimbadilika.

"Ulisema umeunguza! Ulisema umeunguza porini! Bibi amelala mle ndani na mguu umevimba, mimi natukanwa kisimani kila siku, na wewe unanyamaza? Unapita hapa unanyamaza? Umeniacha nibebe peke yangu!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Nataka Mama Viktor asikie, nataka Ifakara nzima isikie!"

Hermenegildi alisimama. Macho yalikuwa yamemlowa, na sauti ikamtoka kwa hasira pia. "Sawa, nilidanganya. Nilichoka, wenzangu walikuwa wananisubiri kwenda kuvua samaki. Lakini wewe hukuona? Ulisimama pale ukaniuliza kuhusu magamba. Macho ulikuwa nayo. Baba alisema tusikandike kabla hajaja. Nani aliyekandika?"

Alhamisi ile ilimrudia Balbina nzima nzima: nguzo za kahawia, udongo unaokauka, na yeye akizitazama mara ya pili kabla ya kuinama. Hakuwa amemwamini kaka yake hata kidogo. Alitaka tu Jumamosi ifike na ukuta uwe tayari.

Bado alikuwa na hasira, na aliona kwamba ana haki nayo. Lakini ilikuwa imebadilika uzito, na sehemu yake ilikuwa imemgeukia mwenyewe. Mwishowe aliokota kisiki.

"Mimi nakwenda kumwambia baba," alisema. "Nitasema yako na yangu. Ukitaka kuja, njoo."

Baba alikuwa anafunga mzigo wake kurudi Kivukoni. Balbina aliweka kisiki mbele yake, na bonge la udongo pembeni, akasimulia yote bila kuruka neno, hata pale alipoyaona magamba na bado akakandika. Hermenegildi alikuwa amekuja, amesimama mlangoni.

"Ni kweli, baba," akasema. "Sikuunguza. Na mashimo ni mafupi."

Mzee Eustaki aliokota lile bonge. Alilikandamiza kwa dole gumba, akalinusa, akalidondosha sakafuni. Akaokota kisiki, kikamvunjikia mkononi. Kisha akasimama, akamshika Balbina mkono kwa upande mmoja na lile bonge la udongo kwa upande mwingine, akatoka moja kwa moja mpaka kwenye ua wa Mama Viktor.

"Mama Viktor, hodi. Jana ulinisikia nikimshusha binti yangu mbele yako. Nataka unisikie na leo. Udongo wake ni huu, jaribu kuuvunja. Kilichoanguka ni nguzo, na nguzo hazikuwa kazi yake. Mimi nilimhukumu bila kuinama kutazama."

Mama Viktor aliligeuza lile bonge mikononi. Aliligonga kwenye ukingo wa kinu. "Loo," akasema. Akamtazama Balbina, akahangaika na kanga yake. "Basi mwanangu, unisamehe. Mdomo wangu huu."

"Yameisha, mama," Balbina akajibu, ingawa hayakuwa yameisha kabisa.

Bibi aliendelea kulala chumbani kwa Balbina mpaka mvua zikakatika. Juni ilipofika, baba aliomba ruhusa kazini juma moja. Hermenegildi alikwenda porini na baba, safari hii mbali, kwenye miti migumu. Alibandua nguzo kumi na nane peke yake, viganja vikatoka malengelenge, na moto wa kuunguzia uliwaka katikati ya ua ambapo kila mpita njia aliuona. Baba aliamuru kwamba hakuna nguzo itakayoingia shimoni kabla Balbina hajaikagua.

Balbina alikagua. Alitia mkono kwenye kila shimo. Nguzo ya saba aliikataa.

"Weusi umeishia hapa," alisema. "Shimo linafika hapa."

Hermenegildi alivuta pumzi kama anayetaka kubisha. Kisha akaibeba nguzo, akairudisha motoni.

Balbina akarudi kwenye udongo wake, na ukuta ulipokamilika, bibi alikuja akichechemea na fimbo yake, akaketi kwenye kizingiti kile kile, akaomba ungo. Balbina alikuwa ananawa miguu kwenye debe. Baba alikuja akachuchumaa karibu naye.

"Bado una hasira na mimi?"

Balbina alifikiri. "Kidogo, baba."

"Una haki. Nilisikiliza maneno ya watu kabla sijatazama kazi, na mtu mzima hapaswi kufanya hivyo. Kaka yako naye alidanganya, na akakuacha ubebe lawama isiyo yako. Hayo yetu tumeyakiri. Sasa nikuambie na lako, kwa kuwa umekua kiasi cha kuambiwa." Alinyoosha kidole kwenye ukuta. "Ile hasira uliyomtupia nayo kaka yako kisiki, mimi nimeipenda. Ni hasira ya mtu anayejua kazi yake. Lakini ilikuja imechelewa miezi sita. Ilikuja walipoligusa jina lako. Ungeitoa Alhamisi ile, ulipoyaona magamba, ukakataa kuweka udongo hata kama kaka yako angekununia na mimi ningekuta chumba nusu, bibi yako angekuwa anatembea bila fimbo leo. Ukiona kazi mbovu, mwanangu, kasirika pale pale, wakati bado inarekebishika. Na useme, hata kama aliyeifanya ni mkubwa kwako. Hata nikiwa mimi."

"Hata ukiwa wewe?"

"Hata nikiwa mimi."

Balbina alifuta miguu yake kwa pindo la kaniki. Akainuka, akauzunguka ukuta mpaka kwenye kona ambapo baba mwenyewe alikuwa amefunga boriti ya paa asubuhi ile. Akaitikisa kwa nguvu.

"Baba," aliita. "Kamba ya huku imelegea."

Mzee Eustaki alicheka mpaka bibi akauliza kuna nini. Kisha akaenda kutafuta kamba.